Mchi wa Tatu

Habari ya kifo cha mama ilinikuta Kampala, katikati ya muhula, kwa simu ya maandishi iliyoletwa bwenini na tarishi aliyekuwa na haraka. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Hata ningeondoka saa ile ile, ningevuka ziwa, nikapanda treni mpaka Dar es Salaam, nikangoja meli ya kwenda Lindi, kisha nikatafuta lori la kunifikisha karibu na Kikole, na mwisho wa safari yote hiyo nisingemkuta. Baba aliniagiza nibaki nimalize masomo, hitima ingeningoja. Nikabaki. Nilijilaza kitandani mchana kutwa nikijaribu kumkumbuka, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wake. Kilikuwa wimbo.

Nyumbani kwetu, nyuma ya jiko, kulikuwa na kinu kikubwa cha mninga. Asubuhi, kabla sijaamka kwenda shule, mama na dada zake wawili, mama mkubwa na mama mdogo, walikizunguka kinu hicho kila mmoja na mchi wake. Walitwanga kwa zamu ya haraka, mchi mmoja ukiingia, mwingine ukitoka, wa tatu ukiwa hewani, na juu ya mishindo hiyo waliimba. Wimbo ulipenya ukuta wa udongo ukanikuta nimejifunika shuka. Ulianzia chini, ukapanda taratibu, ukafika juu ukasita kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha nyumbani, halafu ukashuka kwa mkupuo mmoja. Maneno yake sikuyashika vizuri wala sikuwahi kuyauliza. Moyoni niliuita wimbo wa mama, kwa sababu ulipokuwa ukisikika nilijua yuko pale, na ulipokoma nilijua anakuja kuniamsha.

Basi nilitaka kuusikia tena. Sikutaka makubwa zaidi ya hayo. Picha yake hatukuwa nayo. Mpiga picha wa Lindi hakuwahi kufika kwetu, na mama hakuwahi kufika Lindi. Nguo zake nilijua zitagawanywa kwa jamaa. Lakini dada zake wawili walikuwa hai, na nilijiambia kwamba wimbo haugawanywi. Nikifika nitawaomba waniimbie, nami nitakaa pale pale chumbani, upande wa pili wa ukuta, nisikilize.

Muhula ule nilikuwa nikihudhuria masomo ya hiari ya historia ya muziki. Mwalimu alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye piano iliyoharibiwa na unyevu wa ziwa na kabati zima la santuri. Nilijiandikisha kwa udadisi tu, na pia, niseme kweli, kwa sababu chumba chake kilikuwa na viti vya kuegemea. Siku moja alituonyesha picha ya kitabu cha kale cha watawa wa Ulaya. Juu ya maneno ya Kilatini kulikuwa na vialama vidogo, kimoja kimeinuka, kingine kimelala, kama nyayo za kuku kwenye matope. Hakukuwa na mistari. Alituambia kwamba alama hizo hazikuweza kumfundisha mtu wimbo asioujua. Zilimkumbusha tu yule aliyekwisha kuujua. Vizazi vilipita mpaka mtawa mmoja wa Italia akazipanga sauti juu ya mistari, na tangu hapo mtu aliweza kuuimba wimbo ambao hajapata kuusikia kinywani mwa mtu yeyote.

"Hapo," alisema akiweka chaki chini, "ndipo historia ya muziki inapoanza hasa."

Nikanyoosha mkono. "Na kabla ya hapo, bwana?"

"Kabla ya hapo hatujui watu waliimba nini."

"Nani hajui?"

Darasa likacheka. Jirani yangu, Mganda mmoja mnene, akaninong'oneza, "Wewe mtu wa pwani, kaa chini tukale." Mwalimu hakukasirika. Alisema swali ni zuri. Alisema pia kwamba watu wenye maandishi wana historia ya muziki, na wengine wana desturi ya muziki, na vyote viwili vina thamani yake. Nilitaka kumwuliza desturi hukaa muda gani kabla haijawa historia, au ni lazima kwanza apite mtu mwenye kalamu, lakini kengele ikalia na yule Mganda akawa amekwisha kufika mlangoni.

Hata hivyo niliupenda muziki wa mwalimu yule. Watu hudhani mwenye maswali mengi hapendi kitu. Santuri ya kwaya ilipozunguka, sauti nne zikienda kila moja njia yake na bado zikikutana mahali pamoja, nilisahau kabisa kuuliza chochote. Na ile habari ya kupanga sauti juu ya mistari ilinipa tumaini. Jioni moja nilichukua karatasi, nikaupiga wimbo wa mama kwa mluzi polepole, nikauandika sauti moja moja. Ulikaa vizuri. Ulipanda, ukasita, ukashuka, sawasawa na nilivyoukumbuka, isipokuwa sauti moja pale juu, kabla ya kusita, ambayo haikutaka kukaa kwenye mstari wala baina ya mistari. Nikaiweka karibu na ilipostahili.

Likizo ndefu ilipofika nikasafiri. Lindi nililala kwa jamaa wa baba na asubuhi nikaenda kungojea lori kwenye mkahawa wa Mwarabu mmoja, Mshihiri, karibu na forodha. Alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kwanza aliweka santuri ya Misri: fidla nyingi, na mwimbaji mwanamke aliyekawia juu ya neno moja mpaka kahawa yangu ikapoa. Fidla zile ni za Ulaya, nimeziona Kampala mikononi mwa wake wa maofisa. Lakini hawa wa Misri walizitelezesha kwenye sauti ambazo piano ya mwalimu wangu haikuwa nazo. Halafu akaweka dansi la Kihispania kutoka visiwa vya Amerika. Karani mmoja wa bandarini, kavaa soksi ndefu na kaptura ya kunyooshwa kwa pasi, akapiga meza kwa kufurahi.

"Huu ndio muziki! Siyo zile ngoma zetu za porini."

"Ngoma za porini zimekufanya nini?" akauliza mchukuzi aliyekuwa akinywa chai kwa kisosi.

"Zimepitwa na wakati."

"Kwani wewe jandoni ulichezewa gramafoni?"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko, na Mshihiri naye, huku akigeuza santuri, akasema, "Mwacheni karani wa watu, labda kovu lake lina maandishi ya Kihispania." Karani alicheka mwishowe. Mimi nilikuwa nimeinamisha sikio upande wa gramafoni. Chini ya maneno yale ya kigeni kulikuwa na mpigo niliokuwa nikiujua tangu nikibebwa mgongoni. Mababu wa wapigaji walivushwa bahari wakiwa wamefungwa, na mpigo wao sasa umerudi Afrika ndani ya sanduku, umepita forodhani kama bidhaa nyingine yoyote, na karani wetu anausifu kwa kuwa si wa porini. Nani alipaswa kuandika hiyo historia? Sikuwa na wa kumwuliza. Lori likapiga honi.

Kikole nilifika nimejaa vumbi jekundu mpaka kope. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza kuniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivi? Huko Kampala wanawalisha vitabu?" Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia, akanishika kichwa kwa mikono miwili akalia. Mama mdogo alikuja baadaye, akaniamkua kwa sauti ya chini, akaniangalia kama mtu anayetafuta kitu usoni mwangu, akaenda zake. Baba alinipeleka kaburini. Tukasoma Fatiha. Udongo ulikuwa umekwisha kushikana na majani yalikuwa yameanza kuota pembeni. Baba akayang'oa, akayashika mkononi mpaka tulipofika nyumbani.

Hitima ilipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nilingoja watu wapungue, nikamfuata mama mkubwa alipokuwa kaketi mkekani akichagua kunde.

"Mama, niimbie ule wimbo wa mama."

"Wimbo gani?"

"Mliokuwa mkitwangia asubuhi."

"Aa. Ule si wa mama yako. Ni wa kutwangia."

"Basi niimbie huo wa kutwangia."

"Nimekaa, nitautwangia nini?" Lakini aliniona nilivyomkazia macho, akaweka ungo chini. Akaimba. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, maneno ya kumcheka mwanamke aliyekwenda kisimani na mtungi akarudi na umbea. Sauti iliyumba kidogo, ikakatika ghafla, ikaanza tena pale pale. Haikupanda popote.

"Siyo huo, mama."

"Ndiyo huo. Nimeuimba tangu matiti hayajaota, leo unaniambia siyo?"

Nikamwimbia mimi, kwa la-la-la, ule wangu. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayejaribu lugha yake.

"Huo umeutoa wapi?"

"Hapa. Nyuma ya jiko hapo."

"Hapa hatujawahi kuuimba," akasema, akarudi kwenye kunde zake.

Sikulala usingizi wa kutosha baada ya hapo. Nilianza kushuku kwamba nimeutunga wimbo huo mwenyewe. Mbona isiwe hivyo? Mtoto aliyelala nusu usingizi, miaka inapita, anasoma mbali, anasikiliza santuri za watu, na siku ya msiba akili yake inamtengenezea wimbo ili apate cha kushika. Nilikuwa mtu wa kushuku kila kitu, na sasa nilikuwa nimefika kwenye kitu ambacho sikutaka kukishuku. Kama wimbo ule haukuwapo, basi na asubuhi zile sikuwa na uhakika nazo.

Nikaenda kwa mama mdogo. Tangu msiba alikuwa hapiti nyuma ya jiko letu. Nafaka yake alitwangia kwake, peke yake, kimya. Nilimkuta akifagia.

"Najua unalotaka," alisema kabla sijafungua mdomo. "Dada kaniambia. Usiniombe hilo, mwanangu."

"Kidogo tu."

"Kidogo chake ni nini?" Akaendelea kufagia mpaka miguuni pangu, nikalazimika kuondoka.

Nikaamua kosa ni la koo langu. Kwetu sijawahi kusifiwa kwa kuimba. Kijiji cha pili, kule mlimani, Wakatoliki walikuwa na kigango, chumba cha makuti kilichokuwa shule siku za kazi na kanisa Jumapili, na ndani yake kinanda kidogo cha kukanyaga. Mwalimu wa pale alikuwa Mngoni wa Songea, mtani wangu, na aliponiona mlangoni na karatasi yangu alisimama kwa mbwembwe.

"Bwana Kampala! Umekuja kuomba ubatizo au chakula?"

"Nimekuja kuomba kinanda."

"Kinanda hakiliwi. Ninyi watu mna njaa ya ajabu."

Alikuwa anasoma alama za muziki vizuri kuliko mimi, mapadri walimfundisha. Akakanyaga, kinanda kikavuta pumzi, akaupiga wimbo wangu mara moja bila kukosea. Nilifurahi kwa muda mfupi. Halafu akafika kwenye ile sauti isiyokaa.

"Hapa umeandika nini? Hii, au hii?" Akabonyeza moja, akabonyeza ya jirani yake.

"Katikati yake."

"Katikati pana ufa."

"Basi sauti yenyewe iko kwenye ufa."

"Ufani humo kuna mende tu, bwana. Chagua."

Nikachagua. Nilikumbuka kwamba hata Wazungu wenyewe waligombana karne nyingi juu ya jambo hili. Mwalimu wa Kampala alitueleza jinsi walivyokubaliana mwishowe kuiharibu kila sauti kidogo, kwa kipimo, ili kinanda kimoja kiweze kupiga nyimbo zote. Ni werevu mkubwa, na ni hasara, na aliyezaliwa ndani yake hasikii hasara. Lakini hayo hayakunisaidia. Mwalimu wa kigango akaongeza besi kwa mkono wa kushoto, kwa maelezo kwamba wimbo usio na besi ni sawa na mwalimu aliyekuja darasani bila suruali, na mara ile asubuhi yangu ikawa imevaa kanzu ya padri na kusimama altareni.

Nilimwomba arudie siku ya pili, nikamleta mama mkubwa. Alikubali kwa kuwa mke wa mwalimu alikuwa mteja wake wa mayai. Alikaa kwenye dawati la watoto, kapu la mayai mapajani, ushungi kaukaza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzuri," alisema. "Mtauimba lini, Krismasi?"

Mwalimu alicheka mpaka akaacha kukanyaga na kinanda kikafa kwa mlio mrefu. Mimi nilijitahidi kucheka nao. Njiani kurudi mama mkubwa alitembea mbele na kapu tupu kichwani, na nadhani alijua, kwa sababu hakunitania tena siku nzima.

Jioni nilimwuliza baba kama anaukumbuka wimbo wowote wa mama. Baba alikuwa msomaji wa maulidi, sauti yake ilisifika mpaka Kivinje. Alifikiri.

"Mama yako hakuwa mwimbaji."

"Na wewe, baba? Wewe ni mwimbaji?"

"Astaghfirullah. Mimi nasoma."

"Lakini sauti inapanda, inashuka, inavutwa. Mtu wa nje akisikia atasema unaimba."

"Mtu wa nje na aseme. Mimi najua ninachofanya." Hakuwa na hasira. Nilitambua kwamba nyumbani kwetu sauti ilijaa tangu alfajiri, adhana, kisomo, ngoma za jando upande wa bondeni, kengele ya kigango kwa mbali, vinu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba vyote hivyo ni kitu kimoja chenye jina moja. Jina hilo nililipata Kampala, nikaja nalo kama kapu, nikitaka kutia kila kitu ndani.

Alhamisi, siku moja kabla ya hitima, mpunga uligawanywa kwa majirani wautwange, na sehemu yetu ikaachwa nyuma ya jiko. Asubuhi nilikuwa chumbani, kitandani kwangu kwa zamani. Mama mkubwa alianza peke yake. Mchi mmoja, kishindo kimoja, kimya, kishindo kimoja. Hakuimba. Mtu yeyote wa kwetu akisikia sauti hiyo hujua ni nyumba yenye mtu mmoja, au mgonjwa, au msiba. Iliendelea hivyo mpaka nikatamani kutoka nikamwambie aache.

Mama mdogo hakuweza kuivumilia. Nilimsikia akija kwa nguvu kutoka kwake, kandambili zikipiga visigino.

"Unatwanga kama mjane, dada! Unataka kutuua?"

"Njoo unisaidie basi, maneno hayakobolewi."

Kisha nikasikia mchi ukiinuliwa kutoka ukutani.

Walianza pamoja. Na hapo walifanya kosa ambalo nadhani ni wao wawili tu duniani wangelifanya. Watu wawili wakitwanga hupokezana: mmoja, wa pili, mmoja, wa pili. Wao hawakupokezana hivyo. Mikono yao ilikuwa imezoea kuwa mitatu miaka yote ile, na bila kukusudia kila mmoja aliingia mahali pake pa siku zote. Mama mkubwa, kimya, mama mdogo. Mama mkubwa, kimya, mama mdogo. Nilidhani watarekebisha. Hawakurekebisha. Mama mkubwa akaanza kuimba ile sauti yake nzito inayokatika ghafla, na mama mdogo akaitikia kwa juu, kifupi sana, kama anayeitwa kwa mbali, na kati yao, kila mara mahali pale pale, paliachwa wazi.

Niliketi kitandani. Wimbo wangu ulikuwapo. Ulikuwapo umetoboka. Ulianzia kwa mama mkubwa, ukataka kupanda, hapakuwa na kitu, ukatokea tena juu kwa mama mdogo. Hakuna mtu aliyewahi kuuimba wimbo ule. Haukuwa wa mmoja wao hata siku moja. Kila mmoja alikuwa na kipande, kipande kisichofanana na wimbo, na vipande vilipopishana juu ya michi mitatu, upande wa pili wa ukuta mtoto alisikia kitu kimoja kinachopanda, kinachosita, kinachoshuka. Mwalimu wetu aliwahi kutugusia mtindo wa zamani wa Ufaransa ambao waimbaji waliugawana wimbo mmoja hivyo hivyo, huyu akinyamaza mwingine anatoa, kama kwikwi, na jinsi papa mmoja alivyoukemea. Alisema ulikuja, ukapita. Nilipomsikiliza sikufikiria kitu. Sasa nilikuwa nimekaa Kikole na shuka miguuni, nikielewa kwa nini mama mkubwa hakuujua wimbo wangu. Asingeweza kuujua. Kinuni husikii wimbo. Unasikia zamu yako.

Nami nilielewa jambo jingine, ambalo ndilo nililokuja kulitafuta bila kulijua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ninasikia sehemu ya mama ilivyokuwa, yeye peke yake. Alipokuwa hai ilikuwa imezama ndani ya nyingine, nisingeweza kuitenga. Sasa ilikuwa imeachwa peupe kama mahali palipotolewa kabati ukutani. Ilikuwa ndogo sana. Pumzi moja baada ya mama mkubwa, sauti moja ya katikati, ile isiyokaa kwenye mstari wala kwenye kinanda, na nyingine fupi ya kuushusha wimbo. Basi. Hakuwa mwimbaji, baba alisema kweli. Alikuwa anaushika wimbo katikati usianguke.

Nilitoka nje. Nilisimama kwenye kona ya jiko, sikuwakaribia. Walikuwa wakitwanga huku machozi ya mama mdogo yakitiririka wala haachi kuitikia, na mama mkubwa anautazama mpunga tu. Kila zamu ilipofika pale pawazi, wote wawili waliinua michi na kuishika hewani kidogo. Kidogo sana. Mgeni asingeona. Nikawa naiimba moyoni ile sehemu, pale pale, kila ilipokuja, nikaona kwamba ningeweza kusimama pale mpaka jua lizame.

Ndipo akatoka jikoni mke wa mwana wa mama mkubwa, binti wa kijiji cha Likawage aliyeolewa kwetu wakati mimi niko Kampala. Alikuwa na unga mikononi. Akanikuta nimeegemea ukuta.

"Shemeji, siku hizi wanaume wa chuo ndio wanasimamia vinu?"

"Nasikiliza tu."

"Ukimaliza kusikiliza tuletee kuni." Akapangusa mikono kwenye kanga, akawatazama wale wawili, akaona mchele hautapatikana mapema kwa mwendo ule. Akachukua mchi wa tatu. Sijui kama alijua ni wa nani. Kwao nako wanatwanga watatu. Alisimama, akapima kwa kichwa, mara moja, mara mbili, akaingia.

Alichelewa. Mchi wake ulianguka nyuma kidogo ya mahali pake, na sauti yake, nyembamba, ya kikwao, ikagusa sehemu ya mama kwa kuchelewa hivyo hivyo. Kwa muda huo mfupi vyote viwili vilisikika: pale pawazi, na halafu yeye. Nilitaka kumwambia abaki hivyo. Nilitaka kumwambia aweke mchi chini. Midomo ilikuwa imeshafunguka, lakini ningesema nini mbele ya watu wanaotwanga mpunga wa hitima? Kwamba waiache nafasi ya marehemu, nami nipate kusimama nayo, na kesho wageni wale nini?

Mama mdogo alimgeukia, uso bado umelowa.

"Wewe mtoto, hapo usichelewe. Ukisikia dada amekata, ingia."

"Haya, mama."

Mama mkubwa akaanza upya. Akaimba, akakata. Binti wa Likawage akaingia, mama mdogo akaitikia juu, na wimbo ukapanda mzima, ukasita, ukashuka kwa mkupuo, kama nilivyokuwa nikiusikia kila asubuhi. Hakuchelewa tena.